Ribaundi ya Kumi ya Mlingoti

"Mwambie mumeo arudishe ribaundi ya mwanangu," sauti ilitoka chumbani, "ama sivyo kitanda hiki kitaota mizizi na mimi nikiwa juu yake!"

Mke wa Karani alikuwa amesimama mlangoni, kati ya chumba cha kulala na sebule, mkono mmoja umeshika kikombe cha chai ya mama yake na mwingine umeshika pazia. Hakukuwa na haja ya kumwambia mumewe lolote. Mumewe alikuwa pale pale kwenye meza ya kulia, na masikio yake yalikuwa mazima. Lakini mama mkwe alikuwa ameapa hatasema na Karani ana kwa ana mpaka haki itendeke, na Karani naye, kwa heshima, hakuweza kubishana na mama aliyemzalia mke. Basi maneno yote yakawa yanapita kwa huyo mwanamke kama chai kwenye chujio, na majani mengine yakabaki humo humo.

"Mama anauliza kama umeamka salama," akamwambia mumewe.

"Sikusema hivyo!" chumba kikajibu.

"Mwambie mimi nimeamka, ila mgongo bado umelala," Karani akasema, akajinyoosha mpaka mifupa ikalia kama mlango wa ghala.

Alikuwa na haki ya kulia pamoja na mifupa yake. Tangu Ijumaa alikuwa akilala kwenye kochi, na kochi lenyewe lilikuwa na springi moja iliyoacha kazi na nyingine iliyofanya kazi ya wenzake wote. Hiyo ya pili ilimchoma ubavuni kwa bidii ambayo hata mwajiri wake hakupata kuiona kwa mfanyakazi yeyote. Asubuhi hiyo ya Jumatatu alikuwa amemwomba ruhusa bosi wake wa ghala la vigae, akasema mgongo unamsumbua, na kwa mara ya kwanza tangu dunia iumbwe mtu aliomba ruhusa ya ugonjwa Jumatatu bila kudanganya.

Ugomvi wenyewe ulianza hivi. Mama mkwe alikuwa na mtoto wa mwisho wa kiume aliyeitwa Mlingoti, na jina hilo hakupewa kwa utani. Wanasema alipozaliwa, mkunga alimpokea kichwa asubuhi, akaenda kunywa chai, aliporudi ndipo miguu ikawa inamalizikia. Mama yake alipombeba mgongoni, nyayo za mtoto zilifagia uwanja, na nyumba ile ikakaa miaka haina ufagio. Alipokua, hapakuwa na kazi nyingine ya kumfaa isipokuwa kubadilisha taa za barabarani au kucheza mpira wa kikapu. Akachagua mpira, maana taa hazishangiliwi. Sasa alikuwa mchezaji wa kulipwa katika klabu kubwa ya mji, jezi namba kumi na nne, na watu walinunua tiketi kwenda kumwangalia.

Ijumaa hiyo Mlingoti alicheza kama aliyeumwa na siafu. Alifunga pointi ishirini na mbili. Na ribaundi je? Ribaundi, kwa asiyejua, ni ule mpira uliokosa tundu, ukagonga chuma, ukarudi, na watu wazima wenye familia zao wakaurukia kama kuku wanaogombea punje moja. Anayeudaka ndiye anayeandikiwa. Sasa mchezaji akifikisha kumi za pointi na kumi za ribaundi katika mchezo mmoja, watu husema kapata kumi-kumi, na hapo heshima yake hubadilika kama ya bwana harusi. Mlingoti alikuwa hajapata kumi-kumi hata mara moja maishani mwake. Ijumaa filimbi ya mwisho ilipolia, ubao ulisoma hivi: jezi kumi na nne, ribaundi tisa.

Tisa! Na mama yake, ambaye ni fundi cherehani, alikuwa amekwisha kutangaza kumi kwenye safu nzima ya vibanda vya mafundi. Ubaya zaidi, kibanda cha mbele yake ni cha mama wa Kisoda. Huyo Kisoda ni mchezaji mfupi wa timu hiyo hiyo, kijana anayepita chini ya kwapa la Mlingoti bila kuinama. Mama wa Kisoda alipozisikia habari za tisa, alicheka mpaka sindano ikamtoka mdomoni. Mama wa Mlingoti alifunga kibanda chake. Alikwenda nyumbani, akachukua mto wake, mkoba wake na khanga mbili, akaja moja kwa moja mpaka kwa binti yake, akapita sebuleni bila salamu, akapanda kitandani na viatu.

Na kwa nini kwa binti yake? Kwa sababu mume wa binti yake ndiye aliyehesabu hizo ribaundi.

Karani alikuwa mwitaji. Siku za mchezo huvaa shati jeupe, akakaa kwenye meza ya takwimu ukingoni mwa uwanja, macho yamemtoka kama ya panya aliyeona jibini, na kila kinachotokea anakiita kwa sauti: "Saba, pointi mbili! Kumi na moja, faulo! Kumi na nne, ribaundi!" Kazi hiyo ilikuwa imemwingia damuni. Nyumbani mkewe akimpa chumvi, alisema "pasi nzuri." Sahani ikianguka, alisema "amepoteza mpira." Siku ya harusi yake, mjomba wa bibi harusi alipompiga kikumbo kwenye foleni ya chakula, Karani aliita faulo kwa sauti kubwa, akasahau kwamba yeye ndiye bwana harusi. Lakini uongo hakuwahi kuita. Wachezaji wa timu zote mbili walijua kwamba Karani asichokiona hakiiti, na anachokiita amekiona. Hiyo ndiyo mali aliyokuwa nayo, ukiacha kochi.

Anayeandika ni mwingine. Pembeni yake hukaa Bibi Taipu, mama mmoja aliyestaafu ofisini baada ya kuandikia mabosi wengi barua nyingi. Sifa yake kubwa ni kwamba hainui kichwa. Alifundishwa zamani: macho kwenye mashine, masikio kwa bosi. Neno likimfikia sikioni, limekwisha kuandikwa. Siku moja bosi wake alikuwa akimsomea barua ya kwenda kwa waziri, akakatiza akauliza, "Nani ameacha dirisha wazi?" Bibi Taipu akaandika na hilo. Barua ikaenda. Baada ya wiki waziri alijibu kwamba suala la dirisha linashughulikiwa na kamati imeundwa.

Sasa mtu wa namna hiyo ukimwekea kompyuta na mwitaji mwenye sauti safi, takwimu hutoka kama maji ya bomba. Meza yao haikuwa imeshindwa kamwe. Lakini Karani, kwa kutaka kumpendeza mama mkwe, aliwahi kumtafutia kiti kizuri. Akampa kile kilichokuwa nyuma kabisa ya meza ya takwimu, mama akae aone mwanawe vizuri. Mkewe alimsifu kwa wema huo. Wema mwingine, jamani, ungebaki moyoni tu!

Msimu ulipoanza mama mkwe alikuwa akipiga kelele kama mzazi mwingine yeyote: "Rusha! Rudi! Mpeni mwanangu mpira, nyie wachoyo!" Lakini masikio yake ni ya fundi, hushika mtindo haraka. Mchezo baada ya mchezo alimsikiliza mkwe wake akiita, na lugha ile ikamkaa. Kufikia Ijumaa hiyo alikuwa haombi tena mpira. Alikuwa anaita. Anaita namba, anaita tendo, kwa sauti kavu iliyonyooka, na nyuma ya sikio la Bibi Taipu.

Karani hakulijua hilo siku ya mchezo. Uwanja mzima ulikuwa unanguruma. Alikuja kulijua alfajiri ya Jumatatu.

Alfajiri hiyo springi ilimwamsha mapema. Akaona badala ya kulala chini ya mateso, afungue kompyuta aangalie picha za mchezo tangu mwanzo, huenda kweli kuna ribaundi ya Mlingoti iliyomponyoka. Akiipata, ataiandika kwa roho safi, mama mkwe atashuka kitandani, naye atarudi kwenye godoro lake. Chama cha ligi kilikuwa kinapokea masahihisho mpaka Jumatatu saa sita mchana. Baada ya hapo namba hukauka kama saruji, na hakuna wa kuzigusa. Aliangalia robo ya kwanza kwa matumaini, ya pili kwa dua. Ya tatu aliirudisha nyuma mara mbili. Alipomaliza ya nne, alifunga kompyuta, akaifungua tena, akiombea namba zione aibu zibadilike. Hazikubadilika. Mlingoti hakuwa na kumi. Tena hakuwa hata na tisa. Alikuwa na saba.

Ndiyo maana alikuwa amekaa pale mezani na chai iliyopoa, huku saa ya ukutani ikielekea saa tano na nusu na mama mkwe akiahidi kuota mizizi.

"Mwambie mumeo," sauti ikaendelea, "mimi niliiona kwa macho yangu mawili! Mpira umegonga chuma, mwanangu kanyoosha mkono, kaudaka! Au yeye alikuwa anaangalia wapi? Wale wasichana wa kushangilia?"

"Mama anasema huenda hukuona vizuri."

"Nimesikia," Karani akasema. "Mwambie nimeangalia mchezo wote upya asubuhi hii."

Kitanda kikalia. Mtu aliyekuwa amelala sasa alikuwa ameketi.

"Ehee! Na ameiona?"

"Umeiona?" mke akauliza, na safari hii aliuliza kwa niaba yake mwenyewe. Kila usiku tangu Ijumaa alikuwa amelala ubavuni mwa mama yake, na mama yule akikoroma hata majirani huamka kuzima jenereta wasiyonayo.

Karani alimgeuzia mkewe kompyuta, akamwonyesha kwa kidole. Mke akaangalia, akaziba mdomo. Akaangalia tena, mabega yakaanza kutikisika, na haikujulikana analia au anacheka.

"Nani atamwonyesha?" akanong'ona.

"Mama ni wa nani?"

"Namba ni za nani?"

Wakatazamana. Mwisho mke akachukua sinia la chai, akaondoa vikombe, akaweka kompyuta juu yake, akaipeleka chumbani kama anayempelekea mgonjwa uji. Karani alibaki nyuma ya pazia, maana mkwe haingii chumba alicholala mama mkwe, hata kama chumba ni chake, kitanda ni chake, na hati ya mkopo wa godoro ina jina lake.

"Haya, ndiyo hii," akamsikia mkewe akisema. "Robo ya tatu. Unamwona mdogo wangu?"

"Namwona, mashallah! Yule pale. Anafanya nini?"

"Anafunga kamba ya kiatu, mama."

"Maskini, na miguu ile, mpaka afike chini..."

"Sasa angalia mpira. Umegonga chuma, umekwenda kule. Nani kaudaka?"

"Si yule mfupi, mwana wa yule mwanamke. Mbona unanionyesha huyo?"

"Sikiliza sasa. Naongeza sauti."

Kompyuta ikanguruma na uwanja mzima ukaingia chumbani. Halafu, katikati ya makelele, ikasikika sauti ya mwanamke, kavu, imenyooka, yenye uhakika kuliko msomaji wa taarifa ya habari: "Kumi na nne, ribaundi!"

"Huyo ni nani?" mama mkwe akauliza, lakini taratibu, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba yake mwenyewe.

"Ndiyo hivyo, mama."

"Sauti kama ya dada yangu yule marehemu."

"Mama!"

"Nasema tu inafanana."

"Kuna na ya pili. Robo ya nne. Hapa mdogo wangu hayumo kabisa uwanjani, yuko benchi anakunywa maji. Umemwona na chupa? Sikiliza."

"Kumi na nne, ribaundi!" ikaita sauti ile ile, na safari hii kwa furaha zaidi.

"Na mashine ikakubali?" mama mkwe akauliza kwa mshangao wa kweli. "Mtu yuko benchi?"

Karani hakuvumilia. Akasema na pazia: "Mwambie mashine iliuliza kama kuna uhakika. Bibi Taipu akabonyeza ndiyo. Yeye habishani na mashine, na kichwa hainui. Ameandika alichosikia."

Hapo kitanda kililia kilio kirefu, kilio cha kuachiliwa. Pazia likasogezwa. Mama mkwe akatokea, khanga moja kiunoni na nyingine kichwani, viatu miguuni, na kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa akamtazama mkwe wake usoni.

"Mkwe wangu," akasema kwa sauti laini kama hariri ya harusi.

"Naam, mama."

"Umekonda."

"Ni kochi, mama."

"Kochi baya sana hili. Nimekuwa nikimwambia binti yangu." Akaketi juu yake, springi ikamsalimia, akahamia upande wa pili bila kubadilisha uso. "Nimefikiri sana kule ndani. Tisa ni namba nzuri. Mtu mwenye tisa si mtu mdogo. Wangapi duniani hawana hata tisa? Mimi nasema yaliyopita yamepita. Tisa ibaki tisa, mimi nikunje khanga zangu, niende zangu nyumbani saa hii hii. Usiku wa leo ulale kitandani kwako, unyooshe miguu, ukorome unavyotaka."

Karani alitazama mlango wa chumba. Pazia lilikuwa limeachwa wazi, na kutoka pale alikiona kitanda chake. Kona ya shuka ilikuwa imekunjuka kidogo, kama mtu anayekonyeza jicho. Mgongo wake ukamwambia mambo ambayo mgongo wa mtu mzima haupaswi kusema mbele ya mama mkwe. Nani angejua? Bibi Taipu hakuinua kichwa. Mlingoti alikuwa anafunga kamba. Chama cha ligi kina kazi zake.

"Mama," akasema hatimaye, "ile ya robo ya tatu ina mwenyewe. Kijana aliruka akaudaka mpira, akapigwa kiwiko cha pua, akaamka. Leo yuko kwao anajua alipata tano, kwa sababu meza yangu imesema tano. Alipata sita."

"Kijana gani?"

"Kisoda."

Mama mkwe akashika kifua. "Unataka kuchukua ya mwanangu umpe mwana wa yule mwanamke?"

"Siyo ya mwanao, mama."

"Ameishika tangu Ijumaa! Amekwisha kuizoea!"

"Mama," binti yake akaingilia, "mtu anazoeaje ribaundi?"

"Wewe nyamaza, hujawahi kudaka kitu zaidi ya mafua." Akamgeukia Karani, sauti ikarudi kwenye hariri. "Baba, mkwe wangu, mwanangu wa pili. Fikiria. Mimi nikirudi kibandani na saba, yule mwanamke mbele yangu ana sita, jana alikuwa na tano. Huoni anapanda na mimi nashuka? Kesho tutakutana njiani!"

Mke wa Karani akageukia ukuta. Mabega yake yakaanza tena.

Saa ya ukutani ikagonga kidogo, kama mtu anayekohoa kwa adabu. Karani akavuta kompyuta kwenye meza. Kwenye ukurasa wa masahihisho alifuta tisa, akaandika saba. Alifuta tano, akaandika sita. Ile ya benchi akaipeleka kwa mpinzani aliyeidaka. Kisha mashine ikamuuliza sababu ya masahihisho, na hapo vidole vyake vikasimama.

"Utaandika nini?" mama mkwe akauliza, shingo imerefuka mpaka ikaonekana Mlingoti alikorithi. "Hutanitaja, sivyo? Mimi mama wa mke wako?"

Karani akafikiri. Akaandika. Akabonyeza.

"Imekwenda?" mkewe akauliza.

"Imekwenda."

"Umeandika nini?" mama mkwe akasisitiza.

"Sikutaja mtu, mama. Nimeandika: kelele kutoka nyuma ya meza."

"Kelele!" Mama mkwe akasimama, khanga ya kichwani ikamdondoka. "Kelele? Mimi ni kelele? Niliita vizuri kuliko wewe! Huyo Bibi Taipu wako aliniandika mara moja, hakuniuliza nirudie! Ungekuwa unaita vizuri, angetuchanganya?"

"Hilo ni kweli, mama," Karani akakiri. "Sauti yako ni safi."

"Ni safi!"

"Ni safi sana. Ila mchezo ujao utakaa upande wa pili wa uwanja. Juu. Karibu na feni."

Mama mkwe akaketi tena, na kwa hasira akasahau upande wenye springi. Hakuonyesha maumivu. Alikaa nayo, akaitawala.

"Basi sawa," akasema. "Sawa kabisa. Nami kitandani narudi. Mumeo atalala hapa mpaka ligi iishe, na ligi ijayo ianze. Lakini nijibuni moja, nyie wenye haki. Mtoto wangu yuko kwao anajua ana tisa. Amempigia simu kila mtu. Amewaambia hata wajomba. Nani atamwambia?"

"Atamwambia aliyempa," binti yake akasema, ukuta ukiwa bado mbele ya uso wake.

"Mimi? Nimwambie nini? Nimwambie mwanangu, mtoto niliyembeba miguu ikiburuta, kwamba mama yako mwenyewe, kwa kinywa chake, alikaa nyuma ya meza akawa ana..."

Mlango wa nje ukafunguliwa. Kwanza likaingia goti, halafu bega, halafu kichwa kikainama chini ya kizingiti, kikainama tena chini ya taa, na mwisho Mlingoti mzima akawa ndani, na sebule ikawa ndogo ghafla.

"Shikamoo mama. Shikamoo shemeji. Dada, vipi?" Alikuwa na uso wote meno. "Nimesikia mama umehamia huku kunipigania, nikasema siwezi kukaa nyumbani. Wajomba wote wanangoja kwenye simu."

Akawatazama mmoja mmoja. Dada yake akakumbuka kwamba kuna kitu jikoni. Shemeji yake akashusha kifuniko cha kompyuta taratibu, kwa mikono miwili. Mama yake akaokota khanga sakafuni, akaanza kuikunja, akaikunja mpaka ikawa ndogo kama leso.

"Mbona mmenyamaza?" Mlingoti akauliza, bado anacheka. "Haya basi, semeni. Zimefika ngapi?"